Kukimbia Mombasa: kabla ya kuuliza njia, uliza maji

Mtu akinipigia simu mara ya kwanza, swali lake huwa moja: "Mwalimu, njia nzuri ya kilomita kumi iko wapi?" Nami humjibu kwa swali: "Leo mwezi mwandamo ni tarehe ngapi?" Aliyetoka bara hunyamaza. Aliyelelewa nyumba ya mvuvi hujibu papo hapo, kisha naye ananyamaza, maana ameshaelewa ninakompeleka.

Nimefundisha watu kukimbia hapa Mombasa kwa miaka mingi. Si mabingwa. Ni makarani, walimu, akina mama waliomaliza kulea, vijana wa bandarini wanaotafuta pumzi. Wengi huja na ramani ya simu iliyochorwa mstari wa buluu kutoka nukta hadi nukta, lakini ramani hiyo haijui kwamba ufuo wa Nyali saa kumi na mbili asubuhi unaweza kuwa uwanja mpana wa mchanga mgumu, na juma linalofuata, saa ile ile, ukawa ni maji yanayopiga kuta za nyumba. Kwetu sisi njia ina saa yake.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Wengi wasichokitia maanani ni saa. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hivyo ule ufuo mpana ajabu unaouona kwenye picha za watalii hujitokeza wakati jua limeshakuwa kali na mkimbiaji mwenye akili yuko kazini au kivulini. Ukishuka ufuoni alfajiri ya bamvua utakuta maji bado yako juu, na mchanga uliobaki ni ule mlaini wa juu unaomeza mguu hadi kifundoni.

Ndiyo maana mimi hupenda siku ambazo wavuvi wengi hawazisifu. Kuanzia tarehe 9 hadi 12 za mwezi mwandamo, na tena 23 hadi 26, maji hupwa karibu na alfajiri, na jioni vilevile. Hayaendi mbali, ni kweli, lakini yanaacha ukanda wa mchanga wenye unyevu, uliokaza, unaomfaa yeyote anayekimbia kabla ya kazi au baada ya kazi. Kila mwanafunzi wangu ana kalenda ya Kiislamu ukutani, Mwislamu na Mkristo, kwa sababu hiyo tu.

Basi tuseme umefika Nyali kwa tarehe nzuri, unataka kwenda kaskazini kuelekea Bamburi na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule kunakoitwa Pirates. Angalia kwanza mlalo wa mchanga. Ufuo huinamia baharini, hivyo mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini na wa upande wa nchi hukanyaga juu. Kwa nusu saa hutahisi kitu. Baada ya wiki tatu utaanza kusikia maumivu upande wa nje wa goti, au nyonga itakaza. Nimewaona wengi waliolaumu viatu wakanunua vipya vya bei kubwa, goti likabaki vilevile, kumbe kila siku walikimbia upande mmoja tu kisha wakarudi nyumbani kwa tuktuk. Dawa yake ni kurudi kwa mguu kwenye mchanga ule ule, ili kila goti libebe zamu yake, na kutafuta mahali palipo tambarare zaidi, ambapo mara nyingi ni karibu kabisa na maji. Kukimbia pekupeku kunaimarisha mguu, lakini anza na dakika tano, si kilomita tano. Kano ya kisigino iliyozoea raba inahitaji miezi. Tena makome yaliyovunjika na mawe ya matumbawe hayana huruma. Siku za kusi, upepo utokao kusini, mwani nao hurundikana ufuoni, na chini yake huoni unachokanyaga.

Jambo jingine la ufuo huo ni milango. Njia za kutokea barabarani ni chache, kwingine kote ni kuta za hoteli na nyumba. Ukikimbia maji yakiwa yanajaa, jua njia yako ya kutokea inayofuata iko wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kuongoza watu sita nikakosea saa, tukarudi maji yakitufika magotini, mkono mmoja ukishika ukuta. Tangu siku ile hatuondoki maji yakijaa.

Upepo nao una neno lake. Vitabu vya mbio hufundisha uanze kwa kuukabili upepo, urudi ukisukumwa. Ushauri huo umetoka nchi za baridi. Miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, ukivuma kutoka mgongoni kwa mwendo sawa na wako, hewa inayokuzunguka haiendi popote. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili, linapoteza maji na chumvi bure. Kwa hiyo miezi hiyo sisi huanza na upepo mgongoni, mwili ukiwa bado baridi, tukarudi tukiukabili wakati joto limepanda. Kusi likiwa limeshika, Julai na Agosti, asubuhi zikiwa na ubaridi kidogo, tunageuza. Kipindi kigumu zaidi ni maleleji, kaskazi imekufa na kusi halijashika, na hewa inasimama kama ndani ya chungu.

Ulimwengu mzima ulilishuhudia hilo. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu unaopakana na ufuo wa mjini wa Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Wanaume wengi waliobobea walishindwa kumaliza siku ile. Huwatajia hayo wanafunzi wanaoona haya kutembea. Kama joto la Machi lilimsimamisha Bekele, wewe ukitembea dakika mbili hujapungukiwa na kitu. Na mgeni aliyeshuka kutoka Iten, mita 2,400 juu ya bahari, asidhani mapafu yake yatamwokoa. Hewa ya oksijeni ataipata tele, ila mwili unahitaji siku kumi hadi kumi na nne kujifunza kutoa jasho mapema zaidi na kuongeza maji ya damu. Katika siku hizo aisahau saa ya mkononi, akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika.

Siku ambazo maji yanakataa, mimi hupeleka watu Mama Ngina. Tangu ufuo ule wa mjini ulipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa mwaka 2019, kuna kabro safi, kuna taa, na mibuyu mizee bado imesimama. Njia yenyewe haifiki kilomita mbili, hivyo utaizunguka mara kadhaa, lakini iko mdomoni mwa mlango wa Kilindini na upepo wa bahari unaifikia hata siku ambazo katikati ya kisiwa hakuna jani linalotikisika. Nenda baada ya sala ya alfajiri. Jioni, hasa Jumapili, ni ya familia, watoto na wauza mihogo ya kukaanga, na si haki kuwapita watu mbio mbio wakiwa wametoka kupunga upepo. Kabro ni ngumu. Zaidi ya siku mbili kwa wiki pale simruhusu mtu mwenye historia ya maumivu ya muundi.

Mji wa Kale nauweka mbali na mbio za kasi. Vichochoro vyake vina kivuli, ila upepo haupiti, mawe ni telezi, na kila kona kuna mzee ameketi barazani. Pale tunakwenda polepole, tunasalimia, tunapunguza sauti. Ukipita Ndia Kuu wakati mahamri yanatolewa mafutani, hata ratiba ya mkufunzi haina nguvu. Kuhusu Daraja la Nyali sina mengi: moshi wa matatu, nafasi finyu, sipeleki mtu.

Lakini njia niipendayo kuliko zote iko Bamburi, kwenye misitu iliyoota juu ya machimbo ya zamani ya saruji. Kiwanda kilianza kazi miaka ya 1950, na kilichobaki nyuma yake kilikuwa mashimo ya mwamba mweupe wa matumbawe, joto na chumvi, hakuna kinachoota. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti pale, na mvinje ndio uliovumilia. Majani yake membamba kama sindano yalianguka, majongoo wakaletwa wakayala, udongo ukaanza kujengeka. Leo unakimbia juu ya zulia la majani ya mvinje, chini yake udongo ambao miaka sitini iliyopita haukuwapo. Mguu ukitua pale hausikii mlio. Kivuli ni cha kweli, na aliyetoka kuuguza goti ndipo ninapomwanzishia. Mizizi hujitokeza hapa na pale, basi inua miguu, na vaa raba zenye meno kidogo baada ya mvua ya masika.

Wanaofunga huniuliza Ramadhani wafanye nini. Kimbia dakika thelathini tu kabla ya magharibi, mwendo wa kuzungumza, umalize karibu na nyumbani ili tende na maji viwe mkononi adhana ikilia. Mazoezi magumu yaweke baada ya tarawehe, au yasubiri Shawwal. Hakuna mtu aliyepoteza siha yake kwa kupunguza mbio mwezi mmoja.

Wiki hii mwezi unafika tarehe 10 siku ya Jumamosi. Tutakutana Nyali saa kumi na mbili kasorobo, maji yakiwa yamepwa, tutaelekea kaskazini na kurudi kwa mguu. Njoo na chupa yako ya maji na chumvi kidogo ndani yake, na wasiozoea mchanga waje na raba.