Hisa ya Mavuno Si Kapu la Mboga

Hisa ya mavuno ni makubaliano ambayo kwayo kaya kadhaa humlipa mkulima gharama za msimu mzima kabla hajapanda, kisha kila wiki, tangu mavuno ya kwanza hadi ya mwisho, hupokea fungu lao la kile kilichotoka shambani wiki hiyo. Maana yake ni hiyo, na haina ugumu. Ugumu umeletwa na mazoea ya kuliita kwa jina hilo kila kapu la mboga linalofikishwa mlangoni kwa siku maalumu ya wiki.

Huduma za makapu hayo zipo Nairobi na Dar es Salaam, na baadhi zinaendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Mfanyabiashara hukusanya nyanya, karoti na sukumawiki kwa wakulima wengi, huzipanga na kuzisambaza. Nyanya za mkulima mmoja zikiharibika, hununua kwa mwingine, na mteja asiyeridhika husitisha oda yake wiki inayofuata. Huo ni ununuzi wa kawaida uliowekewa ratiba. Hasara ya shamba haimgusi mteja hata kidogo, na pale ambapo hasara haigawanywi hakuna hisa.

Asili ya utaratibu huu inalionyesha jambo hilo waziwazi. Nchini Japani, katika miaka ya 1970, kaya za mijini zilizotiwa hofu na viuatilifu ziliungana na wakulima katika mpango unaoitwa teikei, yaani ushirikiano, na Chama cha Kilimo Hai cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka 1971, kiliuwekea mpango huo kanuni kumi mwaka 1978. Mojawapo inamtaka mlaji apokee mazao yote yaliyoletwa na mkulima na kuyategemea kadiri awezavyo katika mlo wake. Ningependa kila anayetumia jina la hisa aitafakari kanuni hiyo, kwa kuwa inaugeuza uhusiano tuliouzoea sokoni: kinachoamua chakula cha jioni ni shamba, na mpishi hufuata.

Mwaka huohuo wa 1978 bustani ya ushirika ya Les Jardins de Cocagne ilianza karibu na Geneva, na ni kutoka Uswisi ambako Jan Vander Tuin aliipeleka fikra hii Marekani. Huko alikutana na Robyn Van En, mwenye shamba la Indian Line katika mji wa South Egremont, Massachusetts. Wao na wenzao walianza na hisa za tufaha mwaka 1985, na mwaka uliofuata wakaingia kwenye mboga. Mwaka 1986 lilianza pia shamba la Temple-Wilton katika jimbo la New Hampshire, ambalo kwangu ndilo lililoielewa dhana kwa kina zaidi, kwa sababu halikuipangia hisa bei. Wakulima huweka bajeti ya mwaka mbele ya wanachama, na kila kaya huahidi kiasi inachokiweza, hadi bajeti itimie. Fedha hulipia shamba liendelee kulimwa, wala hakuna anayepima kilo za mboga ili kuona kama thamani yake imerudi.

Wapo wanaosema hili si geni kwetu, kwa kuwa Pemba na Unguja watu hukodi mikarafuu kabla ya kuchuma. Zinafanana kwa kuwa fedha hutangulia na mavuno hayajulikani. Lakini mkodi hubeba hatari peke yake akitarajia faida, na karafuu ni za kuuzwa. Mwenye hisa ya mavuno ni mmoja kati ya wengi walioigawana hatari hiyo, na anachotarajia ni chakula chake. Vivyo hivyo, hisa hii haifanani na ya kampuni: haileti gawio wala haimfanyi mtu mmiliki wa ardhi.

Utamu wa chakula cha msimu, ambao watu wengi huusifu wanapoeleza furaha ya kupokea mboga za wiki, unatokana na sharti hilohilo la kupokea kile shamba lilichotoa. Huko Massachusetts hisa ya Juni huwa saladi, figili, spinachi, njegere na pengine stroberi. Julai huleta matango, maharage mabichi na zukini nyingi kuliko familia inavyoweza kumaliza. Nyanya, mahindi mabichi na biringanya hungoja Agosti. Kisha Oktoba huja na maboga, viazi, kabichi na karoti zilizopigwa na baridi, ambazo ni tamu zaidi kwa sababu baridi huufanya mmea ubadilishe sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Nyanya ya Agosti hupendwa namna ile kwa kuwa mwezi wa Juni nyanya hazikuwapo, na hakuna mtu aliyekwenda kuzinunua mbali ili kuziba pengo.

Pengo lenyewe wakati mwingine huwa kubwa. Katika majira ya joto ya mwaka 2009, yaliyokuwa na mvua na ubaridi usio wa kawaida, ugonjwa wa baka jani chelewa uliangamiza nyanya katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na wenye hisa katika mashamba mengi waliumaliza msimu wakiwa na nyanya chache mno au bila nyanya kabisa. Hawakuwa wamedhulumiwa. Walipokea kabichi, biti na vitunguu, kwa sababu shamba la hisa hupanda mazao ya aina nyingi likijua kwamba baadhi yatashindwa, na mkulima aliyekwisha kulipwa hakulazimika kubeba hasara yote peke yake.

Kwa hiyo, anayeletewa mboga kila wiki amuulize muuzaji mambo mawili: fedha zangu humfikia mkulima lini, na shamba likikosa nyanya mtanipa nini? Akijibiwa kwamba nyanya hazikosekani kamwe, basi ana kapu la wiki, nalo alifurahie na kuliita kwa jina hilo.