Kukwamwa na chakula si pupa daima

Hapa Lamu, mtu mzima akikwamwa na tonge la nyama huambiwa apunguze pupa. Hata akiwa na pumu, ambayo mara nyingi huhusiana na mzio, hakuna anayeyahusisha mambo hayo mawili, kwa kuwa tumeamini tangu zamani kwamba mzio huishia puani na kwenye ngozi.

Sivyo. Umio nao hupatwa. Katika esofajaitisi ya eosinofili, seli nyeupe za damu hujazana kwenye ukuta wa umio, njia ikavimba na kwa miaka ikawa nyembamba. Wengi wenye ugonjwa huu wana mzio mwingine pia. Lakini tusiigeuze hesabu: wenye mzio walio wengi hawana. Marekani, makadirio ya karibuni ni kwamba takriban mtu 1 kwa kila watu 700 ana ugonjwa huu.

Mtazame anayeshushia kila tonge kwa maji, anayemaliza kula wa mwisho, anayekwepa nyama na mkate wa mofa. Amejizoesha hadi hajui kuwa anaumwa, na hilo hunisikitisha mno. Daktari huingiza kamera na kuchukua vipande vidogo vya umio vikapimwe. Dawa zipo, wengine husaidika kwa kuacha maziwa au ngano, chini ya uangalizi. Tonge likikwama hata mate hayapiti, ni hospitali saa hiyo hiyo.