Chanuo la Meno Manane Juu ya Ganda la Ndizi

Ndizi ikiiva kupita kiasi huota madoa ya kahawia. Kinachoyaleta ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho tairosinesi, ambacho sisi pia tunacho ngozini, na ambacho huongezeka kwenye saratani ya ngozi aina ya melanoma. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Hubert Girault, katika taasisi ya EPFL nchini Uswisi, walianza na ndizi kabla ya kugusa ngozi ya mtu.

Ili kuona kimeng'enya hicho kimesambaa wapi, walitumia hadubini ya kielektrokemia. Hadubini hii haitegemei mwanga, hupapasa. Mbinu yenyewe iliasisiwa na Allen Bard na wenzake huko Austin, Texas, mwaka 1989. Chukua uzi wa platinamu wa mikromita 25, mwembamba kuliko unywele, uufunge ndani ya kioo, ubakishe ncha tu. Utumbukize kwenye maji yenye kemikali iliyo tayari kunyang'anywa elektroni. Mkondo utakaopita ni mdogo mno, nanoampea chache. Isogeze ncha karibu na plastiki: molekuli zinazibiwa njia, mkondo unashuka. Isogeze karibu na chuma: chuma kinazirudishia molekuli elektroni zilizopoteza, zinarudi tena kwenye ncha, mkondo unapanda. Pitisha ncha mstari kwa mstari, andika mkondo wa kila nukta, na picha inajichora.

Tabu ni muda. Tuseme eneo ni sentimita moja kwa moja, mistari imepishana mikromita 50, na ncha inakwenda mikromita 25 kwa sekunde. Hiyo ni mistari 200, kila mmoja sekunde 400: zaidi ya saa 22, bila kuhesabu muda wa kurudi. Maji yatakuwa yamepungua na ndizi imeshageuka nyingine!

Kwa hiyo wakapanga elektrodi nane, yaani ncha nane za kupimia mkondo, kama meno ya chanuo. Kazi ileile inashuka hadi chini ya saa tatu. Picha haiwi kali zaidi kwa sababu ya wingi wa meno. Ukali unategemea udogo wa kila jino na ukaribu wake na kitu kinachopimwa. Kwangu mimi, hata hivyo, ulaini wa chanuo lile una thamani kuliko idadi ya meno yake. Ganda la ndizi lina mabonde na vilima, na ncha ya kioo ingevunjika au kulikwaruza. Elektrodi hizi ni kaboni iliyojazwa kwenye vijifereji vya utando wa plastiki, nazo hujipinda na kuteleza juu ya ganda.

Lakini meno manane hayafanani kamwe. Moja hutoa mkondo mkubwa kidogo, jingine mdogo, hivyo kila moja hupimwa peke yake kwanza, kisha namba zake husawazishwa na za wenzake. Usipofanya hivyo picha hutoka na milia kama pundamilia, na mwanafunzi mgeni huapa kwamba ndizi ndiyo yenye milia.