HiAce iliyolowa maji: yanayosemwa gereji kuhusu umeme, na ukweli wake

Masika yakichachamaa Dar es Salaam na Mto Msimbazi ukafurika pale Jangwani, wiki chache baadaye gereji za umeme wa magari huwa na foleni. Honi inalia yenyewe. Waipa zinasimama katikati ya kioo. Betri mpya inalala nzima, asubuhi haigeuzi hata starta. HiAce ndiyo nyingi kwenye foleni hiyo, kwa sababu ndizo zinazopita popote zikiwa na abiria, mizigo au samaki.

Kinachoniuma ni kuona mwenye gari akipata hasara mara mbili. Kwanza maji, kisha spea alizonunua bila kupimiwa kitu: oltaneta (inayochaji betri), sensa, pengine kontroli boksi nzima (kompyuta ya gari). Sehemu kubwa ya hizo HiAce zilihitaji mtu wa kufuata njia ya maji akiwa na mita ya kupimia umeme mkononi, na hapo katikati kuna imani kadhaa zinazompoteza.

“Gari limeanikwa juani, limekauka, limepona.”

Jua hukausha kapeti na viti. Soketi za gari zina mipira ya kuzuia maji, na maji yakishaingia, mipira hiyo hiyo huyazuia yasitoke. Ndani ya waya nako, maji hunywewa na nyuzi za shaba chini ya plastiki na kusafiri mbali na pale yalipoingilia. Ndiyo maana unaweza kukata waya mahali pakavu kabisa ukakuta shaba imegeuka nyeusi au ina unga wa kijani.

Umeme ukiwepo, uharibifu huenda kasi. Pini mbili zenye unyevunyevu katikati yake, moja ikiwa na volti 12 na nyingine ikiwa ethi (njia ya bodi inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri), huanza kulana: shaba ya pini ya chanya huyeyuka na kuhama kidogo kidogo. Gari linaweza kutembea vizuri mwezi mzima kisha likaanza vituko, na mwenyewe ameshasahau mafuriko.

Kwa hiyo gari likitolewa majini, usiliwashe. Maji yakiwa ndani ya silinda, injini ya dizeli inaweza kupinda konrodi, mkono unaoshika pistoni, kwa mzunguko mmoja tu. Toa betri kwanza, ukianzia kichwa cha hasi, ili spana ikigusa bodi ukifungua chanya isipige shoti.

“Hili halijawahi kuingia kwenye mafuriko, maji yatoke wapi?”

Yanatoka kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokauka, yakateremka na wayaringi ya pembeni hadi kwenye boksi la fyuzi. Yanatoka kwenye matundu ya boliti za keria juu ya paa. Yanatoka kwenye bomba la kutolea maji ya eisi lililoziba vumbi, yakamwagika chini ya kapeti kila siku ya joto.

HiAce za kubeba samaki kutoka soko la Feri zina maradhi yao. Barafu huyeyuka juu ya samaki wa baharini, maji ya chumvi hujipenyeza kwenye maungio ya sakafu na kukuta wayaringi ya taa za nyuma. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua na hula chuma haraka kuliko ya mvua. Dalili yake ya kwanza unaweza kuiona ukiwa umesimama nyuma ya gari: dereva akikanyaga breki, taa ya breki upande mmoja inawaka hafifu, na taa ndogo au indiketa ya hapo hapo inamulika nayo kidogo. Umeme umekosa njia ya kurudi ethi, unarudi kwa kupitia balbu nyingine. Usibadilishe balbu. Tafuta boliti ya ethi ya upande huo.

“Mita imelia, waya ni mzima.”

Hapa ndipo mafundi wengi, hata wazuri, hudanganywa. Mita ikiwekwa kwenye mlio hupitisha umeme mdogo mno, sehemu ya elfu ya ampea au chini ya hapo. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba kati ya ishirini utaufikisha bila shida na mita italia. Mita nyingi hulia hata pakiwa na ohmu 10. Sasa balbu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 1.75. Ohmu 5 tu za kutu zikikaa njiani, karibu nusu ya volti zote za betri inaishia kwenye kutu.

Pima mzigo ukiwa unafanya kazi. Weka mita kwenye volti za betri. Mtu akanyage breki. Mchokoo mweusi uwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwekundu uguse waya wa ethi pale kwenye balbu. Ukisoma volti 0.1 au 0.2, ethi ni nzima. Ukisoma volti 2, 3 au 5, umeupata ugonjwa bila kufungua kitu. Upande wa chanya ni hivyo hivyo: mchokoo mmoja chanya ya betri, mwingine kwenye waya unaoingia kwenye balbu. Starta nayo hupimwa hivi wakati inageuza injini. Kwa kuwa huvuta zaidi ya ampea 100, nusu volti kwenye waya wake wa ethi inatosha kuitilia shaka.

Ukishapata sehemu iliyooza, usikwangue juu juu. Kata waya urudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa, unga kipande kipya, lehemu, vika mpira wa kubana kwa joto. Unapoufunga tena, acha waya uteremke kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yanayoufuata yadondokee chini.

“Mashine imesema sensa.”

Mashine ya kusomea hitilafu za gari husema saketi, yaani njia nzima ya umeme. Kodi (namba ya hitilafu) P0335, kwa mfano, inahusu saketi ya sensa ya krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni: sensa, soketi yake, na waya wote hadi kwenye kontroli boksi. Kwenye gari lililolowa, soketi na waya ndivyo vya kuangaliwa mwanzo.

Ukipata kodi nyingi kwa mpigo, usikimbilie kununua. Sensa kadhaa hugawana waya mmoja wa volti 5, na moja ikiingia maji inaweza kuvuta volti za zote chini. Weka mita kwenye waya huo, chomoa sensa moja moja. Ile ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi ndiyo ya kushughulikia. Na kama kompyuta za gari lenye mtandao wa CAN (waya mbili wanazozungumzia) hazisikilizani, toa betri, pima ohmu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya mashine. Kawaida ni 60. Ukisoma 120, kuna mahali njia imekatika. Ukikaribia sifuri, waya mbili hizo zimegusana.

“Weka fyuzi kubwa, hiyo ndogo inakatika ovyo.”

Fyuzi hulinda waya. Penye nyekundu ya ampea 10 ukiweka njano ya 20, kinachofuata kuungua ni wayaringi, na HiAce imejaa watu. Usifanye hivyo hata kwa safari moja.

“Kontroli boksi ifukie kwenye mchele. Soketi zioshe na petroli.”

Mchele hautoi tope wala chumvi, na hivyo ndivyo vinavyoendelea kula baada ya maji kukauka. Petroli inaweza kuwaka kwa cheche moja, na huvimbisha mipira ya soketi. WD-40 husukuma maji vizuri lakini haitoi kutu iliyoganda kwenye pini. Palipoingia tope au chumvi, suuza kwa maji safi betri ikiwa nje, kisha ile pombe ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi wanayotumia mafundi simu, na mswaki laini. Acha wazi mpaka ikauke kabisa. Silikoni usipake kabla ya hapo, utafungia maji ndani.

“Inaisha chaji usiku, betri ni mbovu.”

Pengine. Kwanza ihakikishe: ikiwa imejaa na imepumzika isome volti 12.6, injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa sawa, zima kila kitu, chomoa kichwa cha hasi, weka mita kwenye ampea 10 katikati ya kichwa hicho na betri. Usiguse swichi ya ufunguo, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Gari lisilo na ugonjwa halizidi ampea 0.05. Likisoma 0.5, siku mbili kando ya nyumba zinakula ampea-saa 24. Chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Ikishuka kwenye fyuzi ya taa za ndani, nenda mlango wa nyuma ukavue mpira unaopitisha waya bawabani, utikise uone kama kuna maji.