Je, wajua: kwa nini kivuli cha bati juu ya trekta kinakuchoma utosi wakati jua halikugusi?

Ukipita Kilombero au Mbarali msimu wa kulima utakuta trekta ndogo kibao hazina kebini, zimekuja na siti na usukani basi, mwenye nayo akaenda kwa fundi wa kuchomelea akafungiwa nguzo nne za bomba la mraba na bati juu. Hela kidogo, kazi imeisha. Ikifika saa saba mchana dereva yuko kivulini kabisa, hata bega halipati jua, na bado utosi unawaka. Wengine wanaishia kufunga boksi au gunia chini ya lile bati na ukiwauliza wanakujibu tu kwamba linasaidia. Ni kweli linasaidia.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kivuli hakipoozi hewa. Ile nyuzi 33 unayosikia kwenye taarifa ya hali ya hewa imeshapimwa kivulini tayari, kwa hiyo hewa iliyo chini ya bati lako na hewa ya pale shambani ni karibu ileile, inapita tu. Kinachobadilika ni mionzi. Jua la mchana bila mawingu linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, bati linazuia zisikufikie, sawa, ila sehemu ambayo bati limeimeza haijapotea, imeligeuza bati kuwa la moto, na kitu cha moto nacho kinatoa mionzi yake, ambayo macho hayaioni lakini ngozi inaipata vizuri sana. Kitu cheusi chenye nyuzi 65 kinatoa wati kama 740 kwa mita ya mraba, ngozi yako yenye nyuzi 35 inatoa kama 510, hiyo tofauti ndiyo unayobaki nayo kichwani.

Sasa hapa kuna imani moja iliyokaa sana vichwani: kwamba bati jipya linalong'aa ndiyo bora kwa sababu linarudisha jua, na ukilipaka rangi unaliharibu. Ina mantiki, ndiyo maana ni ngumu kuitoa. Bati la zinki linang'aa, linaumiza macho, kwa hiyo lazima litakuwa la baridi kuliko bati lililopakwa rangi, si ndiyo? Hapana. Liache juani kwa muda wa saa mbili, weka pembeni yake kipande kilichopakwa rangi nyeupe, halafu gusa vyote viwili (kwa haraka). Linalong'aa ndilo litakalokufanya utoe mkono mbio.

Mng'ao unaouona unahusu mwanga, na hata huo zinki hairudishi wote, bati jipya linameza karibu nusu ya nguvu ya jua, na likishachakaa linameza zaidi. Ila shida kubwa siyo kinachoingia, ni kinachotoka. Chukua simtanki yenye bomba la kuingiza maji juu na bomba la kutoa chini, halafu kina cha maji ndicho joto la bati. Ukifungua bomba la juu maji yanapanda, yakipanda msukumo wa kule chini unaongezeka, yanatoka kwa kasi zaidi, mpaka yanapofika mahali ambapo yanayoingia na yanayotoka yamelingana, hapo kina kinasimama. Kwa hiyo ukitaka tanki lisijae huangalii bomba la juu peke yake. Bati la zinki lina bomba la kuingiza la wastani ila la kutoa ni mrija mwembamba kabisa, kwa sababu chuma kinachong'aa ni kibovu sana kwa kutoa mionzi ya joto, kinatoa robo hivi au pungufu ya kile ambacho kingetolewa na kitu cheusi chenye joto hilohilo, basi kina kinapanda na kupanda. Bati lenye kutu jeusi lina bomba kubwa juu na kubwa chini. Rangi nyeupe ndiyo ya ajabu: juu bomba dogo, inameza kama asilimia 20 hadi 30 tu ya jua, chini bomba kubwa, inatoa karibu asilimia 90 ya mionzi ya joto inayowezekana. Kina kinabaki chini.

Inawezekanaje rangi moja iwe na tabia mbili? Kwa sababu mionzi ya jua ni ya mawimbi mafupi na mionzi ya bati ni ya mawimbi marefu, na rangi nyeupe ni nyeupe kwa hayo mafupi tu. Kwa mawimbi marefu ni nyeusi tii. Na siyo rangi peke yake, hata ngozi za watu, za Mzungu na za Mmakonde, kwa mionzi hiyo zote ni nyeusi, zinameza karibu asilimia 98. Mimi hii naiona ni moja ya vitu vya kuchekesha zaidi kwenye fizikia yote lakini basi.

Tahadhari kidogo kwenye upakaji. Rangi ya mafuta ukiipaka moja kwa moja kwenye zinki mpya itabanduka kama magamba, inabidi uoshe kwanza bati kwa sabuni, upige msasa mwepesi, uweke praima ya mabati. Na nyeupe iwe nyeupe, vumbi jekundu likitanda wiki nzima umerudi ulikotoka, kwa hiyo kitambaa chenye maji kila asubuhi ni sehemu ya huo mtambo.

Turudi kwenye boksi. Boksi chini ya bati linapokea ile mionzi badala ya kichwa chako, na kama kuna nafasi ya sentimita kadhaa katikati ambayo upepo unapita, hewa inabeba sehemu ya joto la bati na la boksi lenyewe. Hii siyo akili mpya. Land Rover za zamani, zile za Series, kuna zilizotoka kiwandani na paa la pili juu ya paa, la kuzuia jua tu, na nafasi ya hewa katikati. Na kile kiboksi cheupe cha kuwekea kipimajoto, chenye vibao vilivyolazwa, pale vituo vya hali ya hewa, kilichobuniwa na Thomas Stevenson wa Uskoti, mhandisi wa minara ya taa, baba yake yule mwandishi Robert Louis Stevenson, kina kuta mbili za vibao kwa sababu ileile. Yaani kipimajoto kilijengewa kivuli cha maana tangu karne ya 19, dereva wa trekta bado anafungiwa bati moja.

Kuna wanaouliza, kama chuma kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo, si tupake nyeupe juu tu na chini tuache zinki ing'ae? Swali zuri, na jibu lake halijanyooka. Kama bati ni la moto sana, ndiyo, mng'ao wa chini unakuokoa. Ila kinachong'aa pia ni kioo cha joto, na wewe umekaa juu ya udongo uliopigwa na jua, mbele una injini, kwa hiyo zile nyuzi 50 na ushee za ardhi zinapanda, zinagonga bati, zinakurudia. Bati jeupe ambalo limebaki na nyuzi 40 hivi pengine ni bora lisingeng'aa chini. Inategemea na shamba, na kwa vyovyote vumbi litaamua kabla yako.

Urefu nao una mtego. Bati likiwa na upana wa mita 1.2 na liko mita moja juu ya utosi, jua likikujia ubavuni na likiwa limeinama zaidi ya nyuzi 31 (za pembe, siyo za joto) kutoka juu kabisa, kivuli kimeshahama kichwani. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kwa Morogoro mwanzoni mwa Machi au karibu na tarehe 10 Oktoba, siku ambazo jua linapita utosini hasa, una kivuli kama kuanzia saa nne na nusu mpaka saa nane na nusu tu. Lishushe mpaka sentimita 40 juu ya kichwa na unapata kama saa tatu kasoro robo asubuhi mpaka saa kumi na robo jioni. Ila bati la karibu linakuchoma zaidi, ndiyo maana safu ya pili chini yake ina faida kubwa hapo kuliko kwenye bati la juu sana.

Kwenye uzito usicheze. Kipande cha mita 1.2 kwa 1.5 cha geji 28 ni kilo kama 6, ukitumia pleti ya milimita 2 ni kilo 28, zote ziko juu kabisa mahali ambapo trekta haitaki uzito ikiwa kwenye mteremko. Na kama trekta yako ina kile chuma kinene nyuma ya siti, cha kukulinda ikipinduka (Sweden ilianza kulazimisha trekta mpya ziwe na kinga hiyo mwaka 1959), usikitoboe wala usikichomelee, moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma pale pale kinapotakiwa kubeba trekta nzima. Fundi afunge nguzo za bati kwenye hicho chuma kwa bolti za U, akaze kwa nje na mpira katikati ili mtikisiko usile rangi. Nguzo za bati zenyewe hazikulindi na kitu ikipinduka, ni kivuli tu, hata ziwe nene vipi.

Na ukilima huku upepo unatoka nyuma yako kwa mwendo uleule wa trekta, tuseme kilomita 6 kwa saa, kwako wewe na kwa bati upepo ni sifuri, hakuna kinachobeba joto. Ndiyo maana msitari mmoja wa shamba unaweza kuwa mateso, ukigeuza trekta unarudi na unashangaa kumepoa.