Jinsia ya Mtumiaji Katika Programu za Wavuti

Miongoni mwa watengenezaji wa programu za wavuti mjini Tanga imezoeleka dhana kwamba, kwa kuwa Kiswahili husema "amelipa nauli yake" kwa mwanamume na mwanamke bila tofauti, suala la jinsia katika msimbo ni la lugha za wengine, na safu moja ya ndiyo au hapana katika hifadhidata inatosha kuandikia jinsia ya mtumiaji. Dhana hiyo si sahihi.

Sentensi hiyohiyo ikitakiwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mgeni anayekata tiketi ya boti ya kwenda Pemba, kiwakilishi hulazimika kuchaguliwa. Kwa Kiarabu hata kitenzi hubadilika. Kuungaunga vipande vya maneno ndani ya msimbo huharibu tafsiri, ndiyo maana muundo wa ujumbe wa ICU, maktaba ya programu inayosaidia kuandaa programu kwa lugha nyingi, humwezesha mfasiri kuandika sentensi nzima kwa kila hali, pamoja na tawi la akiba, yaani sentensi ya kutumika pasipo hali nyingine kufaa, ambalo ni la lazima.

Safu ya ndiyo au hapana nayo ni finyu mno: ISO/IEC 5218, kiwango cha kimataifa cha kuandika jinsia kwa tarakimu, kina tarakimu nne, yaani 0 kwa isiyojulikana, 1 kwa mwanamume, 2 kwa mwanamke na 9 kwa isiyohusika. Wala jina haliwezi kuziba pengo, kwani Amani na Zawadi huitwa wanaume kwa wanawake, na programu inayokisia itamwandikia baba mzima "Bi. Amani" kwenye risiti, jambo ambalo hapa kwetu halichukuliwi kwa wepesi. Mteja na aulizwe aitweje, Bwana, Bibi, Mzee au jina tupu, na jibu lihifadhiwe katika safu yake. Jinsia yenyewe, pasipo sheria au orodha ya abiria kuidai, isiulizwe kabisa.