Youthpass si diploma ya Umoja wa Ulaya
Kwa miaka mingi vijana wanaoshiriki programu za mabadilishano barani Ulaya wamekuwa wakiambiwa kwamba Youthpass, cheti kilichoanzishwa mwaka 2007, ni aina ya diploma ya Umoja wa Ulaya inayompa mwenye nacho haki ya kudahiliwa chuoni. Sivyo. Elimu iko chini ya mamlaka ya kila nchi mwanachama, na cheti hiki huthibitisha tu kwamba mtu alishiriki. Sehemu inayobaki ya cheti huiandika mshiriki mwenyewe, mara nyingi kwa kuzungumza na mlezi wa kundi, akitaja alichojifunza chini ya stadi nane za msingi zilizoainishwa na Umoja wa Ulaya, kwa mfano jinsi alivyogawa fedha za chakula cha watu 20 kwa siku 5. Hakuna mtihani wala alama, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani yake.

Anayetaka diploma kutokana na uzoefu hupita njia nyingine. Nchini Ufaransa, chini ya sheria ya mwaka 2002, mtu huandika jalada la kazi alizofanya, zikiwemo za kujitolea, kisha hulitetea mbele ya jopo linaloweza kumpa diploma nzima, sehemu yake tu, au kumnyima kabisa.